Je, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apewe mtu mmoja wa kumfuatilia chuoni, au aachwe apambane mwenyewe?

MTOA MADA

Wadau, naleta hoja hii sasa kwa sababu vyuo vikishafunguliwa kila mtu atakuwa kwenye foleni na hakuna atakayekuwa na muda wa kujadili.

Nilikuwa waziri wa mikopo katika serikali ya wanafunzi ya chuo kimoja hapa Tanzania. Kazi hiyo ni kusimama nje ya ofisi ya afisa mikopo tangu asubuhi, mkononi daftari lenye majina ya wenzako ambao hela zao hazijaingia. Mwaka mzima nilibeba lile daftari, na kuna jina moja humo halijanitoka.

Alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza, mtoto wa mkulima. Mkopo wa Bodi ya Mikopo alipata, lakini kwenye ada kulibaki sehemu ya kuchangiwa na familia, shilingi 180,000. Bila hiyo hela, ofisi ya fedha haikumsajili. Kwa kuwa hakusajiliwa, jina lake halikuingia kwenye orodha ya kusaini bumu, ile hela ya mkopo ya chakula na malazi. Bila bumu akawa anakula mara moja kwa siku na kulala kwa kubebana, kitanda kimoja watu wawili. Jaribio la kwanza alilifanya, lakini alama zake hazikuwa na pa kuingizwa kwa sababu kwenye mfumo hayupo. Jaribio la pili hakwenda kabisa.

Nilizunguka naye ofisi zote. Fedha walimjibu kwa mujibu wa kanuni zao. Mikopo hivyo hivyo, idara hivyo hivyo. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ilimpokea vizuri na kumwandikia barua, barua ikarudi kulekule fedha. Alisajiliwa mwezi wa pili wa muhula. Aliingia kwenye mtihani akiwa na alama 11 kati ya 40 za kazi za muhula. Sapu, mitihani ya marudio, hazikumtosha, akadisko, yaani akaondolewa chuoni.

Kwenye kumbukumbu za chuo imeandikwa kwamba alishindwa masomo.

Hoja yangu ni hii: kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza awe na mtu mmoja anayemjua kwa jina, mtu ambaye kazi yake ya mshahara ni kuona usajili, bumu, malazi, mahudhurio na alama za mwanzo za huyo mwanafunzi kwa pamoja, na mwenye mamlaka ya kuinua simu ofisi ya fedha ikasikiliza. Simzungumzii yule mshauri wa kitaaluma ambaye jina lake hubandikwa kwenye ubao wa matangazo wiki ya kwanza. Wengi wetu tumehitimu bila kuwahi kukaa naye kwenye kiti.

Na jambo hili limeshapimwa. Chuo Kikuu cha Jiji la New York, Marekani, kilianzisha mwaka 2007 mpango uitwao ASAP kwenye vyuo vyake vya miaka miwili, vinavyopokea watoto wengi wa familia zisizo na uwezo. Mwanafunzi anasoma muda wote, haruhusiwi kupunguza mzigo wa masomo. Naye analipiwa pengo la ada, anapewa vitabu, anapewa kadi ya usafiri ya mwezi, na anakutana mara kwa mara na mshauri mwenye wanafunzi 60 hadi 80. Wenzao nje ya mpango walikuwa wanagawana mshauri mmoja kwa wanafunzi 600 na zaidi. Taasisi ya utafiti ya MDRC iliwafuatilia wanafunzi karibu 900 waliogawanywa kwa bahati nasibu, wengine ndani ya mpango, wengine nje. Baada ya miaka 3, waliokuwa ndani walihitimu asilimia 40. Waliokuwa nje, asilimia 22. Vyuo vitatu vya jimbo la Ohio vilipoiga, matokeo yakaja kwa sura hiyohiyo.

Kilichonigusa kwenye mpango ule ni ile kadi ya usafiri. Mtu akikwama nauli hafiki darasani, na asipofika darasani mshauri hamwoni. Waliofikiria mpango huu walimtazama mwanafunzi tangu anapotoka mlangoni kwao.

Karibuni. Anayepinga apinge, ila aniambie yule kijana angefanyaje.

MHADHIRI, MOROGORO

Mtoa mada, nimekusoma na nimeumia kwa huyo kijana. Lakini napinga.

Anayekuja chuoni ametimiza miaka 18 au zaidi. Wengine wametoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), wamekimbia mchakamchaka alfajiri, wamelala porini. Tukimwekea mtu wa kumuuliza kila wiki kama amekula na kama amehudhuria, tunamrudisha kidato cha pili. Atahitimu, ndiyo, lakini kazini nani atamfuatilia?

La pili ni zito zaidi. Huyo mtu mmoja unayemtaka, mwishowe atakuwa mimi. Nakijua chuo. Hakutatoka ajira mpya. Itatoka barua kwamba kila mhadhiri apewe wanafunzi 50 wa kuwalea. Muhula uliopita nilisahihisha mitihani zaidi ya 400 ya somo moja. Nikiambiwa na bumu la mtu ni juu yangu, kitakachokufa ni ufundishaji. Hao wa New York waliajiri. Sisi tutaajiri kwa fedha ipi?

MCHANGIAJI, MWANZA

Mimi naona mnazunguka. Shida ni hela. Bumu la chakula na malazi lilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, na anayepanga chumba mtaani anajua hiyo 10,000 inaishia wapi. Hela ya kuajiri washauri waongezewe wanafunzi. Mshauri haliwi.

MTOA MADA

Mwalimu, heshima yako. La ajira umenishika pabaya na nakubali: hoja yangu ikigeuzwa kuwa mzigo mwingine kwa wahadhiri, basi ni bora isitekelezwe kabisa. Nasema watu wa kuajiriwa kwa kazi hiyo, mmoja kwa wanafunzi 150 kwa kuanzia, na mwaka wa kwanza tu. Wapo vijana wengi wenye shahada za ustawi wa jamii na elimu wanaokaa nyumbani.

La utu uzima silikubali. Mtu mzima akienda hospitali, faili lake linatoka mapokezi linaenda kwa daktari na maabara. Hatumwambii abebe mwenyewe kipimo chake mdomoni mlango hadi mlango ili akomae. Huyu kijana alikuwa mtu mzima kuliko wengi, alisimama kwenye foleni wiki 6.

Ndugu wa Mwanza, hata hela ina namna ya kufika. Chuo Kikuu cha Georgia State kule Atlanta tangu mwaka 2011 kinatafuta chenyewe wanafunzi wanaokaribia kufutwa kwa deni dogo la ada na kuwalipia dola mia kadhaa wabaki darasani. Mwanafunzi haombi, chuo kinamwona kwenye mfumo, kinamlipia, kisha kinamtaka akutane na mshauri wa mambo ya fedha. Kile kiasi cha 180,000 kingemalizwa wiki ya pili. Hela peke yake haikujua kwamba yupo.

MHITIMU WA CHUO KIKUU HURIA

Niongeze kitu cha hapa nyumbani. Nimesoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye vituo mikoani. Mimi nilikuwa kituo cha Songea huku nikiwa kazini. Kituo chenyewe watu wachache. Mtumishi yuleyule aliyenipokea ndiye aliyenifuatilia namba ya malipo, ndiye aliyenionyesha pa kupata vitini, na ndiye aliyenipigia simu alipoona sijajisajili kwa mtihani. Alinijua. Mdogo wangu alisoma chuo kikubwa chenye majengo na maktaba ya ghorofa, na kwa miaka 3 hakuna mtumishi aliyelijua jina lake. Kwa hiyo msiseme hatuwezi. Pengine tatizo ni ukubwa.

DADA, DODOMA

Naomba nisikike, maana naona wote mnaongea kana kwamba mambo yote ya mwanafunzi yanafaa kukaa kwenye faili moja.

Mimi nilipata mimba mwaka wa pili. Aliyejua ni muuguzi wa zahanati ya chuo peke yake. Alinielekeza namna ya kuahirisha mwaka, akaniambia barua gani naandika na nani asiulizwe zaidi ya kinachomhusu. Nilirudi, nilimaliza, mwanangu sasa anasoma chekechea. Kama zahanati, mikopo, idara na hosteli vingekuwa vinasomana, nisingemwambia yule muuguzi. Ningekaa kimya na ningepotea. Kwenye chuo chetu habari ya mtu ilikuwa inatoka ofisini asubuhi, jioni iko kantini.

Mtoa mada, huyo mtu wako mmoja akiwa mdomo wazi, mwanafunzi atakwenda wapi? Zamani angalau ningehamia mlango mwingine.

MTOA MADA

Dada yangu, asante kwa kulisema hadharani. Nimelala nalo jana usiku, na sina jibu lililokamilika.

Nilipofika ni hapa. Kuna mambo ambayo ofisi zote zinaweza kuyaona bila kumdhuru mtu: hajasajiliwa, hajasaini bumu, alama za jaribio la kwanza hazipo. Hayo yanasema mtu amekwama, hayasemi kwa nini. Sababu ibaki mdomoni mwa mwanafunzi na kwa anayemwamini, awe muuguzi, mchungaji au shehe wa msikiti wa chuo. Zahanati isiingie kwenye mfumo huo hata kidogo. Na mwanafunzi awe na haki ya kubadilishiwa mtu bila kutoa maelezo. Hiyo ya mwisho sikuwa nayo kwenye hoja yangu, nimeitoa kwako.

Mwalimu, narudi kwako kwa jambo dogo. Kwenye vyuo vyetu vingi alama 40 ni za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho. Maana yake kufikia wiki ya 7 au ya 8 tayari inajulikana nani anazama. Lakini alama hizo hukaa kwa mhadhiri hadi vikao vya matokeo, muhula umeshakwisha, na kinachobaki ni kuhesabu waliopita, wenye sapu na waliodisko. Ungeombwa utoe alama za jaribio la kwanza wiki ya 7, basi, bila kumlea mtu yeyote, ungekataa?

MHADHIRI, MOROGORO

Nisingekataa. Nimeshafanya.

Mwaka juzi, somo langu la mwaka wa kwanza, niliandika majina ya walioshindwa jaribio la kwanza pamoja na ambao hawakutokea. Walikuwa 31. Sikutumwa na mtu, niliona tu kwamba viti vya nyuma vimebaki wazi. Nilipeleka orodha idarani. Idara ikaniuliza napeleka kwa nani. Nikajibu sijui, labda mshauri wa wanafunzi. Wakasema hilo ni suala la taaluma, si la ustawi. Nilipouliza upande wa taaluma, wakasema wao wanapokea matokeo yaliyopitishwa na kikao, hawapokei majina.

Dada wa Dodoma ana haki ya kuogopa faili moja, na mimi bado siamini kwamba kijana wa miaka 20 anahitaji mlezi. Ila orodha yangu nilikuwa nayo wiki ya 7, na katika jengo lile lote hapakuwa na mlango wa kuipokea. Iko kwenye faili la idara mpaka leo. Nilipoanza muhula uliofuata niliita majina. Kati ya wale 31, wanaume kwa wanawake, 14 hawakuitika.