SS Khedive Ismail, Februari 1944: mbona ilizama upesi vile?

Kilindini44: Meli hii ya Uingereza ya kubeba askari ilitoka Mombasa tarehe 5 kwenda Colombo na watu 1,511, wengi wao askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga. Ilizama chini ya dakika 3, wakaokoka 214 tu. Mbona haikudumu hata dakika 10? Na je, ni kweli waliokuwa majini walirushiwa mabomu na manowari zao wenyewe?

Fundi_Boila: Torpido zilikuwa mbili. Ya kwanza iliingia chumba cha injini, ya pili kwenye boila, na boila zikalipuka. Vyumba hivyo viwili ni miongoni mwa vikubwa kwenye meli ya mvuke, tena vimepakana. Vikijaa pamoja, meli haina tena cha kuielesha. Kisha hulalia ubavu: mashua za upande mmoja hazishuki, za upande wa pili hukwaruza bodi. Kushusha mashua kwa kapi ni kazi ya dakika kadhaa, hata bahari ikiwa shwari. Ilikuwa alasiri, na wengi walikuwa ukumbini wakitazama tamasha. Ngazi ni chache.

Omo_na_Tezi: Ni kweli, na inauma. I-27 ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Manowari za Uingereza HMS Petard na HMS Paladin zingeiacha, meli nne zilizobaki za msafara, zote zimejaa watu, zingekuwa hatarini. Mabomu ya kina (yanayotupwa majini kulipukia chini) huua kwa msukumo: maji hayabonyei kama hewa, kwa hiyo nguvu nyingi hufika mwilini na kupasua mapafu na matumbo.

Kilindini44: Na sona, chombo cha kutafuta nyambizi kwa sauti, haikuisikia mapema?

Omo_na_Tezi: Manowari tatu kwa meli tano ni chache, na moja kati yao, HMS Hawkins, ni kruza (manowari kubwa ya mizinga), si mwinda nyambizi. Halafu bahari za joto zina tabaka: maji moto juu, baridi chini. Sauti ya sona hupinda hapo, na nyambizi inaweza kubaki kivulini.

Fundi_Boila: Nyongeza: mabomu yaliilazimisha I-27 kuibuka, lakini mizinga ya Petard haikutoboa bodi lake la ndani. Paladin ilikwenda kuigonga, ikaamriwa kukwepa, na pezi la nyambizi likampasua ubavu. Petard ikarusha torpido moja moja. Ya saba ndiyo iliyoizamisha.