Tupeane uzoefu: watu wa mapangaboi ya upepo walipofika kijijini kwenu, mlifanyaje?

Mwanaubena
Wakuu, kamwene.

Bi mkubwa kanipigia jana usiku. Kuna vijana wamesimamisha ule mlingoti mrefu mwembamba wa kupimia upepo kabla ya kuleta mapangaboi ya kufua umeme, nyaya kila upande, kilimani nyuma ya shamba letu la viazi. Mwenyekiti wa kitongoji ameshapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wakae tayari kwa mkutano. Mama anauliza apande misindano (miti ya mbao) msimu huu au asubiri kwanza. Mimi niko Dar, nimebaki nasema "ngoja niulize watu".

Ambao yameshawapitia, Makambako, Mufindi, Mbeya, popote, tiririkeni. Mlikubali? Mligoma? Mlilipwa? Siasa zina jukwaa lake.

Kilolo Asilia
Naweka kambi hapa. Mwenye ulanzi asogee.

Msindano Mmoja
Mleta mada umenikumbusha mbali. Nilishasema haya mambo siyaongelei tena.

Kwetu hawakuja kwa ubaya. Walikuja na soda na biskuti, wakaongea vizuri, wazee wakafurahi. Mlingoti ukakaa pale hadi watoto wakauzoea, watu wakawa wanafunga mbuzi kwenye nyaya zake. Ndipo wakaja wathamini, wale wa kukadiria fidia. Kijana alizunguka shamba zima na mzee anaandika: nyumba ya tofali za kuchoma, choo, kisima, migomba, misindano. Akafika ile misindano ya bondeni ambayo mzee aliipanda mdogo wangu alipokuwa darasa la kwanza, akisema hii ndiyo ada ya chuo. Akazungushia tepu mti mmoja, akaandika kwenye daftari "michanga". Mzee akamwambia, mwanangu, huo mchanga una miaka saba. Kijana akamjibu kwa adabu kabisa: baba, mimi nafuata jedwali la bei.

Hilo tulilimeza. Kilichotuua ni maelekezo ya mwisho: kuanzia leo msiendeleze. Usijenge, usiongeze chumba, usipande mti, ukipanda hauhesabiwi. Tukasema sawa, si hela inakuja. Masika yakaja yakaisha, yakaja mengine yakaisha. Mzee alikuwa ameshanunua bati za nyumba mpya, zikalala ukutani zikashika kutu kwenye pembe. Akaenda kuomba mkopo, akaambiwa eneo lako liko ndani ya mradi. Jirani yetu ambaye mstari wa ramani ulimruka alipanda misindano mwaka ule ule, leo anapogolea. Mzee akitoka asubuhi anakaa barazani anautazama msitu wa mwenzie.

Siku walipotuma mtu wao kuja kusema mradi umesogezwa mbele, mzee alisimama mkutanoni akauliza: na umri wangu mmeusogeza?

Pareto ya Kale
Pole sana mkuu. Kwetu ilikuwa barabara, siyo upepo, lakini "msiendeleze" ni ile ile.

Bwawa Linatosha
Mimi sielewi. Tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, halafu mtu aje kuchukua kilima changu kwa ajili ya feni? Kataeni.

Majani Mabichi
@Bwawa Linatosha maji yakipungua utamwagilia bwawa kwa ndoo? Miaka ya nyuma kila kiangazi tulikuwa tunalia mgao humu humu.

Mimi niko Mufindi, yapo mapangaboi matatu huku tangu 2020, jumla megawati 2.4. Yanasaidiana na umeme wa maji wa Mwenga, ambao ulianza 2012. Ukisimama chini unasikia vuu... vuu... vuu. Ukisogea mbali kidogo unasikia nzi wako tu. Mama ntilie wanayatumia kuelekeza wageni. Tofauti yetu ni kwamba umeme wa hapa unaingia vijiji vya hapa hapa. Kwenye mradi mkubwa wa gridi unaona nyaya nene zinapita juu ya bati lako na wewe una koroboi. Mleta mada, mama yako aanze na hilo: huu umeme unashukia wapi?

Bwawa Linatosha
Wewe umezaliwa kwenye chai, unatetea kila kitu chenye uzio.

Majani Mabichi
Uzio umeuleta wewe. Mimi nimesema umeme.

Sheria Mkononi
Punguzeni jazba. Mleta mada, andika haya.

Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria Na. 5 ya 1999. Wakitaka ihamishwe kuwa ardhi ya jumla, yaani itoke mikononi mwa kijiji, eneo lisilozidi hekta 250 anayekubali au kukataa ni mkutano mkuu wa kijiji. Likizidi hapo anaamua waziri, baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano mkuu huo huo. Nasema mkutano mkuu, maana yake kila mkazi mtu mzima. Mwenyekiti, mtendaji na wajumbe wawili chini ya mkaratusi siyo mkutano mkuu.

Fidia siyo bei ya ardhi peke yake. Kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na faida unayoikosa. Sheria ya uthamini ya 2016 inataka ilipwe ndani ya miezi 6, ikichelewa inazaa riba, na ikipita miaka 2 uthamini unarudiwa upya.

@Msindano Mmoja mzee aliuliza habari ya riba?

Msindano Mmoja
Aliuliza. Akaambiwa jedwali halijaidhinishwa na Mthamini Mkuu, kwa hiyo miezi haijaanza kuhesabiwa.

Sheria Mkononi
Ndipo wanapowapigia hapo. Poleni.

Mjukuu wa Bibi
Ngoja niwape ya kwetu.

Wapima walikuja wiki ya msiba, nusu ya kijiji iko matangani. Wakachimbia bikoni zao za zege, zile alama za mipaka, moja ikaangukia kwenye makaburi ya ukoo. Siyo juu ya kaburi, asije mtu akanishika uongo. Pembezoni, hatua chache kutoka kwa babu. Bibi alipopata habari hakusema neno. Akamaliza matanga, akachukua kigoda, khanga na mwavuli anaoendea kanisani, akaenda akakalia bikoni. Kigoda akakifanya cha kuwekea miguu.

Asubuhi likaja Land Cruiser jeupe. Akashuka bwana wa mahusiano ya jamii, buti mpya za mpira. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." "Bibi tunaomba utupishe kidogo tupime." Bibi akasema: "Pimeni tu, sijawakataza. Nipimeni na mimi." Akaitwa mtendaji, akaja na pikipiki, akaanza, bibi hiyo ni mali ya mradi, utatuletea matatizo. Bibi akamuuliza: "Wewe mama yako mlimlaza wapi?" Mtendaji akawasha pikipiki.

Mchana ikashuka mvua. Udongo wetu ule mwekundu mnaujua. Walipotaka kuondoka gari likazama mpaka ekseli. Vijana tumejaa pale, mikono mifukoni. Bwana wa mahusiano akatuomba tusukume, akatoa na elfu ishirini. Hakusogea mtu. Wote tunamtazama bibi, na bibi yuko chini ya mwavuli anabangua hindi la kuchoma punje moja moja. Giza likaanza kuingia. Mwenye akili alikuwa dereva. Alimwendea, akapiga goti kwenye tope, akasema, bibi, mimi mtu wa Uyole, nina watoto, niruhusu nirudi kwangu. Bibi akamwambia: "Waambie walete karatasi."

Simu inakata chaji, nikifika nyumbani nitamalizia.

Kilolo Asilia
Wewe mjukuu una roho mbaya.

Mtu wa Mwanjelwa
Hii chai, tena ya Mufindi, imefungwa na kupelekwa mnadani. Bibi gani anakaa kwenye zege siku nzima na baridi ile?

Pareto ya Kale
@Mtu wa Mwanjelwa wewe huwajui bibi wa Njombe.

Ughaibuni Baridi
Nimesoma hiyo ya bikoni nikiwa Maine, Marekani, nimecheka peke yangu jikoni. Huku nako moto ule ule, ila wanapigana kwa makaratasi. Kuna kisiwa kinaitwa Vinalhaven, 2009 walisimamisha mapangaboi matatu, na wenyewe wakazi walipiga kura ya kuyataka. Yalipoanza kuzunguka, majirani wa karibu wakasema kelele haziwaachi walale. Miji midogo kadhaa ya jimbo hili imejitungia sheria zake za mji: umbali kutoka kwenye nyumba ya mtu, kiasi cha kelele kinachoruhusiwa usiku. Kamji kana watu wachache kabisa, lakini wanakutana ukumbini, wananyoosha mikono, kampuni inasoma kilichoandikwa. Kwa nini vijiji vyetu visifanye hivyo?

Bwawa Linatosha
Huyo amesema ukweli.

Majani Mabichi
Ughaibuni, na wewe unaandika hayo hita imewashwa. Bibi yako kijijini alisubiri nguzo za REA, wale wa umeme vijijini, mpaka akasahau ameomba. Mtu ana friji tatu ndiye anamfundisha asiye na balbu namna ya kukataa umeme.

Ughaibuni Baridi
Sijasema mkatae. Nimesema muandike masharti mapema. Na friji ni moja.

Sheria Mkononi
Hoja ya sheria ndogo ipo hata kwetu. Sheria Na. 7 ya 1982, ile ya serikali za mitaa, inairuhusu halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo, inapita mkutano mkuu, kisha inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Hapo kwa wilaya ndipo zinapolala. Mimi ningewekeza nguvu kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji, Sheria Na. 6 ya 2007. Makaburi hapa, chanzo cha maji hapa, misitu ya watu hapa. Kampuni ikute ramani yenu mezani kabla haijatandika ya kwake.

Mtu wa Mwanjelwa
Ramani? Kijiji chetu mhuri wenyewe anakaa nao mke wa mtendaji.

Boda ya Tunduma
Wakenya waliukwamisha mradi mmoja wa upepo kabisa. Kinangop, Nyandarua, megawati 60.8, wakulima wa viazi kama sisi. Waliandamana, mtu akafa, mradi ukafutwa 2016. Ule wa Ziwa Turkana ulipita, megawati 310, mapangaboi 365, lakini 2021 mahakama ikasema hati za ardhi hazikupatikana kihalali. Kwa hiyo hata ukijengwa siyo kwamba habari imekwisha.

Mpima Zamani
Hakuna aliyegusa jambo la miti na ndilo lenyewe. Pangaboi linachukua eneo dogo, msingi na barabara ya kuingilia, chini yake unalima viazi na mahindi bila shida. Ila miti mirefu inavuruga upepo. Kwa hiyo hata asipochukua shamba lako atataka usipande misindano wala mikaratusi kuzunguka mtambo, na huku kwetu miti ndiyo benki. Mkutanoni waulize: umbali gani sitaruhusiwa kupanda, na hiyo miti ambayo sitaipanda analipa nani? Mimi nimekaa kwenye mikutano hiyo upande wa meza, swali hilo linawatoa jasho.

Msindano Mmoja
Ungekuwepo kwetu enzi zile.

Kilolo Asilia
Mama apande leo leo. Tena apande parachichi, zinathaminiwa vizuri.

Pareto ya Kale
Asipande chochote, ataonekana anatega fidia.

Sheria Mkononi
Mlingoti wa kupima siyo uthamini. Hajazuiwa na mtu, shamba ni lake, apande. Apige picha miti yenye tarehe, na asisaini karatasi ambayo hajaachiwa nakala.

Mtu wa Mwanjelwa
Asisaini akiwa ameshakunywa soda yao.

Mjukuu wa Bibi
Nimerudi. Karatasi hawakuwa nayo, ikabidi waandike nyuma ya ramani yao wenyewe: bikoni itahamia ng'ambo ya mfereji na makaburi hayataguswa. Bibi akamwita kijana wa kwaya amsomee, akasomewa tena, ndipo akanyanyuka. Bwana wa mahusiano akasaini, dereva akawa shahidi. Ile ramani iko chini ya godoro la bibi mpaka leo.

Gari bado limezama lakini. Likavutwa na pawatila, kitrekta cha mkono, ya baba mdogo. Alipomaliza akadai hela ya dizeli na juu yake posho ya usumbufu. Bwana akashangaa, baba mdogo akamwambia si ninyi mmetufundisha juzi mkutanoni?

Kilolo Asilia
😂😂 Baba mdogo apewe uenyekiti.

Mtu wa Mwanjelwa
Chai, lakini nimeinywa.

Majani Mabichi
Na mradi?

Mjukuu wa Bibi
Haujarudi. Bikoni iko ng'ambo ya mfereji, akina mama wanaitumia kunolea visu.

Mwanaubena
Asanteni wakuu, nimemsomea bi mkubwa yote kwenye simu. Maswali ya Mpima Zamani ameyaandika kwenye daftari la kikoba, na wenzake wa kikundi watakaa mstari wa mbele siku ya mkutano. Misindano keshaamua anapanda. Sheria Mkononi, naomba nikutafute pembeni.

Boda ya Tunduma
Tukiwa hapo hapo, mche wa msindano Sao Hill unauzwaje sasa hivi?