Manka wa karatasi

Kikundi: WATOTO NA WAJUKUU WA MZEE – MARANGU 🍌

ALHAMISI

Mama Brayani 07:41
Bwana asifiwe wapendwa. Bahasha ya Rozi imefika, nimeitoa jana kwenye sanduku la usharika. Ndani kuna barua, kidaftari, na Manka wa karatasi.

[Picha]
[Picha]

Mama Brayani 07:44
Manka binti yake kajichora mwenyewe akajikata na mkasi. Ni mkubwa kama kiganja changu. Kiatu kimoja bluu, kingine chekundu. Gauni hakupaka rangi, kabandika kipande cha kitenge cha kweli. Kitenge mtakijua wenyewe.

Mama Brayani 07:46
Barua inasema tumtembeze, tumpige picha kila anapofika, tuandike kwenye kidaftari alikula nini, hali ya hewa ikoje na watu wanasalimianaje. Halafu arudi shuleni kwao kabla hawajafunga kwa Krismasi. Nimepanga Jumamosi. Naomba majina.

Mama Brayani 09:20
Mmeshasoma watu kumi na mmoja. Nawaona.

Onesmo Dar 09:58
Nilipoona hivyo viatu nikajua huyu ni wa ukoo wetu kabisa

Winnie UDOM 09:59
😂😂😂

Mama Brayani 10:00
Onesmo, nimeomba majina.

Onesmo Dar 10:02
Subiri kwanza. Rozi si yuko London? Stempu mbona ya Kanada?

Winnie UDOM 10:03
Mjomba, ni London ya Ontario. Kanada nao wana London yao, na mto wao pia wanauita Thames

Onesmo Dar 10:04
Miaka yote hii natangaza Kariakoo nzima kwamba dada yangu ni jirani wa Malkia

Winnie UDOM 10:07
Halafu hii kazi ya midoli ya karatasi ilianzia mji huohuo anaokaa Shangazi Rozi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Dale Hubert, aliianzisha mwaka 1995 ili watoto wapende kuandika barua. Alichukua wazo kwenye hadithi ya watoto ya 1964: mtoto kaangukiwa na ubao usiku akiwa amelala, kaamka bapa kama chapati, wazazi wakamtia kwenye bahasha wakamtuma kwa posta kwenda kutembea

Onesmo Dar 10:08
Nauli ya stempu. Wazazi wenye akili hao. Dada, na wewe tuangushie ubao Desemba tuje Moshi kwa bahasha

Kaka Eliudi 10:31
*Ujumbe uliosambazwa mara nyingi*
FAIDA 7 ZA KUNYWA MAJI YA MAJANI YA MPERA. Soma mpaka mwisho.

Mama Brayani 10:33
Eliudi kaka yangu, unakuja Jumamosi au huji?

Fredi Arusha 11:15
Mleteni huku. Jumapili naingia na wageni Hifadhi ya Arusha, namweka kwenye dashibodi. Anaona Ngurdoto, anaona flamingo wa Momella, mbega, twiga wa karibu. Nikitoka nampitisha Mnara wa Saa na pale Makumbusho ya Azimio, anapigwa picha na Mnara wa Mwenge. Bure. Watoto wa Kanada wanataka wanyama, hawataki kuona migomba.

Mama Brayani 11:17
Mtoto wa Marangu anaanzia Arusha kwa nini? Anaanzia geti la Marangu, kwenye bango la Kilimanjaro, mlima nyuma yake.

Fredi Arusha 11:20
Dada, bango liko msituni. Mlima nyuma yake hutauona, utaona miti. Na mwezi huu wa mvua Kibo anajitokeza alfajiri tu, saa 3 ameshajifunika. Ukitaka picha ya mlima simamia Moshi mjini saa 12 asubuhi au hapohapo nyumbani kwa Mzee. Halafu getini hawapokei keshi, mnalipa kwa kontroo namba. Msifike na noti mkononi kama siku ile.

Mama Brayani 11:21
Siku ile ipi?

Fredi Arusha 11:21
Basi yaishe.

Winnie UDOM 11:30
Mimi napiga kura chemchemi ya Chemka. Maji maangavu unaona mpaka mizizi chini, kuna kamba ya kurukia, samaki wanakung'ata ng'ata miguu. Manka atafurahi

Mama Brayani 11:31
Mtoto ni wa KARATASI, Winnie.

Winnie UDOM 11:32
Apigwe lamineshen. Pale stendi buku tu

Onesmo Dar 11:34
Mimi naona tumtolee fotokopi. Mmoja aende Arusha, mmoja getini, mmoja Chemka, wa nne aje Dar anisaidie dukani. Desemba narudi naye kwa treni

Mama Brayani 11:40
Naendelea. Noah ni elfu tisini na mafuta ndani. Kila kaya elfu kumi na tano, tumeni kwenye namba yangu ileile. Mwisho kesho saa 10 jioni.

Fredi Arusha 11:52
Ileile ya kosta?

Mama Brayani 11:53
Fredi usianze.

Fredi Arusha 11:55
Sijaanza. Nauliza namba. Maana sisi tulioketi juu ya magunia ya mahindi kutoka Himo na suti za msiba tunakumbuka namba.

Mama Brayani 11:57
Hela ya kosta nilieleza mbele ya Baba, mbele ya mchungaji. Dereva alinizimia simu. Wewe hukuwepo kwenye kikao, ulikuwa umekwenda kununua barafu ya soda saa tatu nzima.

Onesmo Dar 11:58
Ila ile barafu ilikuwa nzuri

Fredi Arusha 12:01
Onesmo, kila jambo kwako ni mzaha.

Winnie UDOM 12:02
[Stika]

Kaka Eliudi 13:40
👍

Mama Brayani 13:41
Eliudi, hicho kidole ni cha nini? Cha Noah, cha Chemka au cha mpera?

Mama Brayani 19:05
Mpaka sasa waliotuma: mimi, Mama Eli. Watu wawili. Mtoto katoka Ng'ambo kwa stempu, nyie kutoka Kiborloni mnashindwa.

IJUMAA

Rozi Kanada 03:12
Habari za huko wapendwa wangu. Huku ndiyo jioni, theluji imeanza. Dada asante, nimeona picha. Manka kila akitoka shule anauliza "nimefika wapi?" Anasema nimefika, siyo amefika.

Rozi Kanada 03:15
Mambo machache kutoka kwa mwalimu. Asipigwe plastiki, akirudi anabandikwa kwenye ramani ukutani. Picha zisionyeshe sura za watoto wengine kama wazazi wao hawajakubali. Na si lazima mbuga. Mwenzake mmoja mdoli wake ulipelekwa kwa kinyozi, darasa zima likacheka wiki nzima.

Onesmo Dar 06:50
Kwa kinyozi! Nani atalipa elfu tisini wakati kinyozi yuko hapo mlangoni

Mama Brayani 06:58
Shikamooni wakubwa. Kuna tatizo kidogo. Ivan kaamka kabla yangu akamchukua Manka. Mkono wa kushoto umeng'oka. Nimeshaweka selotepu kwa nyuma, haionekani. Rozi asiambiwe.

Winnie UDOM 06:59
Shangazi

Winnie UDOM 06:59
Shangazi Rozi yumo humu

Onesmo Dar 07:00
😂😂😂😂 nimemwaga chai

Mama Brayani 07:04
Sawa. Rozi, selotepu haionekani.

Mama Brayani 08:15
Kwenye kidaftari nimeandika salamu na chakula. Upande wa mlima niandike nini? Fredi, wewe ndiye unayewadanganya wageni kila siku.

Fredi Arusha 08:30
Siwadanganyi. Andika urefu mita 5,895. Andika mwaka 1889 Hans Meyer na Purtscheller walifika kileleni, na Mzee Yohani Lauwo wa hapo Marangu anatajwa kama aliyewaongoza. Andika usiku wa Uhuru 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha Mwenge na bendera juu kule. Inatosha kwa darasa la pili.

Onesmo Dar 08:33
Na babu yetu aliyembebea Meyer mizigo je?

Fredi Arusha 08:34
Kila ukoo Marangu una babu aliyembebea Meyer mizigo. Yule mzungu angekuwa na mizigo hiyo yote asingefika hata kambi ya kwanza pale Mandara.

Winnie UDOM 08:36
😂😂 Tuweke na maporomoko ya Kinukamori basi, ni karibu na kwa Babu. Tunamwandikia na kisa cha Makinuka

Mama Brayani 08:37
Binti mwenye mimba, genge na chui. Hicho ndicho unataka mwalimu wa Kanada asome mbele ya watoto?

Mama Eli Marangu 10:20
Hamjambo. Nimemwonyesha Mzee picha za mtoto. Alizitazama sana, akaomba nikuze pale kwenye gauni. Amesema nimrekodie.

[Ujumbe wa sauti 2:04]

Kaka Eliudi 10:41
Sina bando la kufungua sauti. Andikeni.

Winnie UDOM 10:58
Naandika kama Babu alivyosema, sijabadili kitu:

"Hamjambo wanangu. Nimeonyeshwa huyo mtoto. Nimeambiwa ni kazi ya shule. Kazi ya shule ifanywe, mimi niliwachapa ninyi wote kwa ajili ya kazi za shule. Lakini mtoto mwenye jina la mama yenu haanzii kwenye bango la getini. Aletwe nyumbani kwanza. Apite mgombani, asimame pale kwa mama yenu, ndipo aende anakotaka. Kahawa bado iko mitini kidogo, mpigeni picha na kahawa. Mimi msinipige. Nguo aliyovaa naijua. Na wewe Rozi, huyu mke wangu wa karatasi nimempokea. Ila huyu hali mtori. Mimi namngoja anayekula. Basi."

Mama Brayani 13:02
Tumesikia Baba. Shikamoo.

Onesmo Dar 13:20
Shikamoo Mzee.

Kaka Eliudi 13:21
Shikamoo Baba.

Fredi Arusha 15:47
Shikamoo Baba.

Fredi Arusha 15:49
Dada, kile kitenge Rozi alikipataje? Siku ile hakuwepo.

Mama Brayani 15:56
Nilimtumia mimi, nguo nzima, kwa posta. Wiki ileile. Usiniulize hela ilitoka wapi.

Fredi Arusha 16:30
Sijauliza.

Fredi Arusha 16:31
Nimetuma elfu thelathini. Ya kwangu na ya Eliudi.

Mama Brayani 16:33
Imeingia. Ubarikiwe.

Mama Brayani 16:40
Mpango mpya basi. Kesho Noah inatoka Moshi saa 12 asubuhi kamili, siyo saa 12 ya Onesmo. Kama Kibo yuko wazi tunasimama njiani apigwe picha yake. Tunafika kwa Baba, tunakwenda kwa mama, tunakunywa chai. Mvua ikikaa vizuri tunapanda getini, ikikataa tunaishia Kinukamori. Chemka ni siku nyingine.

Winnie UDOM 16:41
Siku nyingine ipi shangazi na Manka anatakiwa arudi posta

Mama Brayani 16:42
Siku nyingine.

Onesmo Dar 17:10
Dada mimi niko Dar lakini natuma ya mafuta. Na kwenye kidaftari muandike Mjomba Onesmo anamsalimia sana, alitaka ampeleke kwa kinyozi

JUMAMOSI

Rozi Kanada 02:31
*Ujumbe huu umefutwa*

Rozi Kanada 02:38
*Ujumbe huu umefutwa*

Rozi Kanada 02:50
Shikamoo Baba. Nitapiga simu ya Mama Eli saa mtakapokuwa pale kwa mama. Naomba mnishikie simu, msinikatie hata nikikaa kimya.

Mama Brayani 05:02
Sawa mdogo wangu. Vaa vizuri usipate baridi.

Mama Brayani 05:48
Noah imefika. Dereva ni mwingine, anaitika simu. Nani yuko njiani?

Mama Brayani 06:09
Kibo yuko wazi!! Fanyeni haraka!!

[Picha]

Winnie UDOM 06:15
Jamani kapendeza. Ila shangazi kidole chako kimefunika kile kiatu chekundu

Mama Brayani 06:16
Nimefunika selotepu.

Winnie UDOM 06:16
Selotepu iko mkono wa kushoto, huo ni mguu

Mama Brayani 06:17
Tunapiga nyingine.

Fredi Arusha 06:40
Hiyo nzuri, mtumieni Rozi mapema. Na mimi kesho bado namsubiri huku. Mpandisheni basi la jioni kwa mtu mnayemwamini, namrudisha Jumatatu.

Mama Brayani 06:44
Nani atamleta? Na kurudisha Kanada je? Mkuu wa usharika anasema kuna mtu anasafiri tarehe za mbele, hajanipa jibu. Posta sijui kama atawahi.

Fredi Arusha 06:45
Nimesema namrudisha Jumatatu.

Mama Brayani 06:46
Tutaona tukishatoka kwa Baba.

Kaka Eliudi 07:30
Samahani nimechelewa kuona. Mnaondoka saa ngapi?

Mama Brayani 07:31
Eliudi tuko Himo.

Kaka Eliudi 07:33
Sawa. Nani kachukua nyama?