Meli ya kitalii kutoka Durban: chakula kipi kimo kwenye tiketi, kipi kinalipiwa, na meza huwekwaje?

Mwalimu wa Shangani (Mtwara)

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Kijana wangu anayefanya kazi Durban ametulipia mimi, mama yake na bibi yake safari ya meli ya kitalii itakayoondoka katika bandari ya huko mwezi Desemba, kupanda hadi Pomene katika pwani ya Msumbiji na kurudi. Tiketi ameshanitumia kwenye simu, nami nimeisoma yote kwa utulivu, lakini kila ninapofika kwenye sehemu ya chakula ninabaki na maswali.

Tiketi inasema kwamba chakula kimo ndani ya nauli. Mistari michache chini yake inataja migahawa ya kulipia, vifurushi vya vinywaji, na ada ya huduma inayohesabiwa kwa kila mtu kwa kila siku. Tena inatutaka tuchague zamu ya chakula cha jioni, ya kwanza au ya pili, kabla ya tarehe fulani. Ninaomba wenye uzoefu wanieleze ni chakula kipi tutakachokula bila kutoa senti, ni wapi tutakapodaiwa, na kama ni lazima tuweke nafasi mapema au tunaweza kusubiri hadi tukiwa ndani ya meli.

Nina mambo mawili zaidi. Sisi ni Waislamu, na mama mkwe wangu ni mtu mzima mwenye kisukari ambaye hawezi kukaa muda mrefu bila kula. Pia fedha ya matumizi nitaitoa kwenye mauzo ya korosho, kwa hiyo ninapenda kuijua hesabu yake nikiwa bado hapa Mtwara, kuliko kuletewa bili siku ya kushuka na kuanza kumsumbua kijana ambaye tayari amejinyima.

---

Mhudumu wa Zamani (Lindi)

Shikamoo Mwalimu. Nimewahi kuhudumu mezani katika meli za namna hiyo kabla sijarudi nyumbani Lindi, na swali lako ni lile ambalo abiria wengi walituuliza siku ya tatu, wakati bili ilikuwa imekwisha kupanda.

Nianze na kilichomo kwenye nauli, maana ndicho kikubwa. Karibu kila meli ya kitalii ina ukumbi mkuu wa chakula, ambako mnaketi mezani na kuletewa mlo wa hatua tatu au zaidi, na ina bafe ambayo iko wazi sehemu kubwa ya siku. Hivyo viwili vimo kwenye nauli: asubuhi, mchana na jioni. Maji ya kawaida, chai na kahawa ya kujitilia kwenye bafe kwa kawaida havilipiwi. Mtu anayekula katika sehemu hizo mbili tu hatalala njaa hata siku moja, na chakula cha ukumbi mkuu si cha daraja la pili hata kidogo, kwa sababu wapishi wanaoukabili ukumbi ule kila jioni ni wale walioiva katika kazi.

Kinacholipiwa ni migahawa maalumu: wa nyama choma za kifahari, wa samaki wabichi wa Kijapani, wa Kiitaliano na kadhalika. Baadhi hutoza bei moja kwa mtu kwa mlo mzima, mingine hutoza kila sahani peke yake. Hapo ndipo ninapokuomba uwe makini, Mwalimu, kwa sababu bei iliyoandikwa mlangoni siyo bei utakayolipa. Juu yake huongezwa asilimia ya huduma. Kampuni ya meli ya Royal Caribbean huongeza asilimia 18, na ile ya Norwegian huongeza asilimia 20. Chukulia mlo ulioandikwa dola 40 kwa mtu: ukiongeza asilimia 18 unakuwa dola 47 na senti 20, na kwa watu watatu ni dola 141 na senti 60 kwa jioni moja, wakati hatua chache kutoka hapo kuna ukumbi ambao mlishaulipia.

Vinywaji vina kanuni hiyo hiyo. Soda, juisi za chupa, kahawa maalumu na maji ya chupa hulipiwa, na asilimia ya huduma huongezwa. Kuna vifurushi vya siku nzima, lakini kampuni nyingi zinadai kwamba mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, watu wazima wote wa chumba hicho nao wanunue. Ninyi msiokunywa pombe mkiuziwa kifurushi, hakikisheni ni cha vinywaji baridi, kisha mpige hesabu: ikiwa kifurushi ni dola 14 kwa siku na soda moja ni dola 3 na nusu, itabidi mtu anywe soda zaidi ya nne kila siku ndipo apate faida. Bibi mwenye kisukari hatazinywa, na nyinyi wengine sioni kama mtazinywa.

Chakula cha kuletewa chumbani nacho kina sura mbili. Royal Caribbean, kwa mfano, hutoza dola 7 na senti 95 kwa oda, pamoja na asilimia 18, lakini kifungua kinywa chepesi cha mkate na matunda huletwa bure. Meli yenu itakuwa na utaratibu wake, nao huandikwa kwenye karatasi ya oda iliyomo chumbani. Isomeni hadi mstari wa mwisho kabla ya kuitundika kwenye kitasa.

Sasa ile ada ya kila siku. Katika kampuni kubwa za Marekani huwa kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku, na hutozwa hata kama hukuagiza chochote. Kampuni nyingine, kama P&O Cruises ya Uingereza, ziliiondoa tangu 2019 na kuingiza gharama hiyo katika nauli. Yenu imeandikwa kwenye tiketi, kwa hiyo ipo. Muulize kijana kama ameilipa pamoja na nauli au itakatwa ndani ya meli. Ninakuomba usiione kuwa ni hila. Sehemu yake humfikia anayetandika kitanda chenu, na nyingine humfikia kijana wa jikoni anayeosha sahani usiku wa manane ambaye hamtamwona kabisa. Sisi tulioishi kwa ada hiyo tunajua ilivyobeba familia nyumbani. Ila kwa kuwa mmekwisha kuilipa, hamlazimiki kuongeza bakshishi juu ya karatasi ya kila kinywaji: kwenye karatasi hiyo huwa kuna mstari mtupu wa bakshishi ya ziada, na wengi huujaza kwa haya tu, wakidhani ni sehemu ya bili.

Kuhusu nafasi: ukumbi mkuu hauhitaji kuwekewa nafasi ikiwa mmepangiwa zamu, kwani mna namba ya meza yenu. Bafe haina nafasi. Ni migahawa ya kulipia tu ndiyo inayojaa, hasa jioni za siku ambazo meli iko baharini tangu asubuhi. Mkitaka kujaribu mmoja kwa heshima ya bibi, chagueni jioni ya kwanza, ambapo abiria wengi bado wanahangaika na mizigo na bei mara nyingi hupunguzwa, na muulize muda wa mwisho wa kufuta nafasi bila kutozwa. Asiyefuta na asitokee hutozwa.

---

Bint Mikindani

Shikamoo Mwalimu. Kaka wa Lindi ameeleza vizuri sana upande wa gharama, lakini katika jambo la nafasi ninataka kuongeza neno, kwa kuwa kwa Mwislamu si kweli kwamba ukumbi mkuu hauhitaji maandalizi. Meza haihitaji, ila chakula kinahitaji.

Meli hupakia nyama bandarini kabla ya safari, na jiko haliwezi kutafuta nyama halali katikati ya bahari. Kwa hiyo ombi lenu linatakiwa kuifikia kampuni mapema, kwa barua pepe, kupitia yule aliyekata tiketi, wiki kadhaa kabla ya safari. Tena msiandike tu kwamba hamli nguruwe, kwani mtajibiwa kwamba hilo ni rahisi, na kweli watawapa kuku, lakini kuku asiyechinjwa kwa utaratibu wetu. Ulizeni swali mahususi: je, nyama na kuku wa meli hii wamechinjwa kihalali na wana cheti, au mtatupatia samaki na mboga tu? Majibu yote mawili yanakubalika, mradi uyajue ukiwa nyumbani. Sisi watu wa pwani kula samaki siku nne si adhabu. Mlichunguze pia lile ambalo halionekani kwa jicho: mchuzi uliopikwa kwa mvinyo, na vitamutamu vya jelatini. Jioni ya kwanza mwombeni msimamizi wa meza, ambaye katika meli nyingi huwaletea wenye masharti ya chakula orodha ya mlo wa kesho yake usiku uliotangulia, ili mchague na jiko lijiandae.

Jambo la zamu nalo lina uzito kwenu. Zamu ya kwanza kwa kawaida huanza karibu saa kumi na mbili jioni, na ya pili karibu saa mbili usiku. Mwezi Desemba jua la Durban huzama karibu na saa moja kasorobo, na mkipanda kuelekea Pomene linawahi zaidi. Maana yake ni kwamba magharibi itawakuta mezani kwenye zamu ya kwanza, baina ya supu na samaki. Mimi na mama yangu tuliposafiri tulichagua zamu ya pili, tukasali kwa nafasi, tukashuka kula bila haraka. Ninawashauri mchague hiyo, na mchague sasa, kwa sababu zamu zikijaa mnapangiwa iliyobaki.

---

Mwalimu wa Shangani (Mtwara)

Marahaba wanangu, na Mungu awalipe kheri kwa muda wenu. Ombi la chakula halali nitamwambia kijana aliandike leo hii, na nitamtumia maneno ya Bint Mikindani kama yalivyo. Zamu ya pili inanivutia kwa ajili ya sala, lakini ninaiogopa kwa ajili ya mama mkwe: amezoea kula saa moja, na akichelewa hutetemeka. Pia ningependa kujua malipo ya ndani hufanywaje, kwani kadi yangu ni ya benki ya kawaida, si ya mkopo. Na mama ameshaanza kufunga korosho na mikate ya kumimina ya kula njiani, ninaweza kumruhusu?

---

Mzee wa Forodha (Mtwara)

Ndugu Mwalimu, salamu nyingi. Nimestaafu kazi ya bandari hapa Mtwara na nimesafiri kwa meli kama hiyo pamoja na wanangu, kwa hiyo ninajibu hayo matatu.

Usimnyime mama mkwe zamu ya pili kwa hofu hiyo. Bafe mara nyingi huwa na vitafunwa kuanzia saa kumi alasiri, bila malipo. Apate hapo yai, samaki kidogo na mkate kabla ya magharibi, kisha saa mbili aketi nanyi na kula mlo kamili. Katika barua ya chakula halali ongezeni mstari kwamba ana kisukari, kwa kuwa jikoni humo huandaliwa vitamutamu visivyo na sukari. Kama meli yenu ina utaratibu wa kula saa unayotaka, badala ya zamu, nao ni mzuri, ila hapo mtalazimika kuweka nafasi ya kila jioni kupitia programu ya meli kwenye simu. Programu hiyo kwa kawaida hufanya kazi kwenye mtandao wa ndani bila kununua kifurushi cha intaneti, lakini ipakueni mkiwa bado Durban.

Malipo ya ndani hayafanywi kwa fedha taslimu. Mnapewa kadi ya chumba, kila mnachoagiza kinaandikwa kwake, na mwisho wa safari bili inakatwa kwenye kadi ya benki mliyoisajili. Hapa ninakusihi usisajili kadi yako ya benki yenye fedha ya korosho. Meli huzuia kiasi fulani kwenye akaunti kama dhamana, na fedha iliyozuiwa kwenye kadi isiyo ya mkopo inaweza kuchukua siku kadhaa kuachiliwa hata baada ya bili kulipwa, nawe utakuwa umekwama ugenini ukiwa na salio usiloweza kuligusa. Meli nyingi hupokea amana ya fedha taslimu mapokezi siku ya kwanza, na kinachobaki wanakurudishia usiku wa mwisho. Fanya hivyo. Amana hiyo itakuwa ndiyo mpaka wa matumizi yenu: ikikwisha, kadi ya chumba inakataa mpaka uongeze. Kila jioni pita mapokezi au fungua programu uitazame bili, na kosa ukilikuta lidai siku hiyo hiyo, kwa kuwa asubuhi ya kushuka foleni hiyo ni ndefu na kila mtu ana mzigo mkononi.

Korosho zilizofungwa kiwandani, pakiti ikiwa haijafunguliwa, meli nyingi huzipokea. Mikate ya kumimina, samaki wa kukaanga na chochote kilichopikwa nyumbani kitazuiwa mlangoni, kwa sababu meli haikubali chakula ambacho haijui kilipikwaje. Vilevile mnapoingia Afrika Kusini tajeni korosho hizo kwa maofisa wa forodha. Na siku ya Pomene msishuke na matunda wala nyama ya bafe mkobani. Kuleni mshibe kwanza, kisha mpande boti ya kwenda ufukweni. Ulizeni pia usiku uliotangulia kama siku hiyo ukumbi mkuu utakuwa wazi mchana, kwani siku za kushuka nchi kavu mara nyingi hufungwa na bafe pekee ndiyo huhudumia.