Siku mbili bila gari: ngome ya Kőszeg na kanisa la Ják, Hungaria

Neema_Budapest:
Wakuu, heshima kwenu. Nasoma Budapest, rafiki yangu yuko Vienna. Tumepanga tukutane Szombathely, karibu na mpaka wa Austria, tuone ngome na makanisa ya kale. Tuna siku mbili na hatuna gari. Mwenye uzoefu wa huko naomba anielekeze tuanzie wapi.

Mpanda Treni:
Karibu sana, dada Neema. Nilikaa Szombathely miaka miwili na Jumamosi zangu nyingi ziliishia huko.

Siku ya kwanza pandeni treni ya asubuhi hadi Kőszeg, ni kama nusu saa tu. Saa tano kamili muwe mmeshafika ngomeni, maana kengele hugongwa saa hiyo kila siku. Mwaka 1532 Sultani Suleiman wa Waturuki alikuwa akielekea Vienna na jeshi kubwa, akazuiwa hapo na Miklós Jurisics, kamanda wa ngome, ambaye watu wake hawakufika hata elfu moja, wengi wao wakulima waliokimbilia ndani ya kuta. Walivumilia zaidi ya wiki tatu. Inasimuliwa kwamba Waturuki waliondoka Agosti 30, saa tano asubuhi. Mara ya kwanza nilikuwa uani, mkate mkononi, kengele zikaanza. Mzee aliyekuwa akifagia aliuegemea ufagio wake, akatulia mpaka zikanyamaza. Tangu siku hiyo kila mgeni wangu nilimpeleka saa hiyo hiyo.

Lango la Mashujaa mtakaloliona mjini ni zuri, ila ni la 1932, msilihesabu na ya kale.

Siku ya pili nendeni Ják kwa basi. Angalieni ratiba ya kurudi kabla hamjapanda, hasa ikiwa Jumapili. Kanisa liliwekwa wakfu 1256, na uzuri wake wote uko mlangoni, kwa hiyo msikimbilie ndani. Matao ya mawe yamepangwa moja ndani ya jingine, kila moja na nakshi yake, na juu yake mitume wamepanda kama wako kwenye ngazi, Kristo kileleni. Mlango unatazama magharibi. Nendeni alasiri, jua likiingia kwenye michongo utaona mikunjo ya kanzu zao. Nakala yake iko hapo kwenu Budapest, kwenye kasri la Vajdahunyad, lakini mimi nakala haikunitosha.

Mama Asha, Graz:
Mkipata mtu mwenye gari, msiiache Velemér, kusini, jirani na Slovenia. Ni kanisa dogo, liko peke yake miongoni mwa miti. Johannes Aquila alilipaka picha ukutani mwaka 1378, na mwenyewe amejichora humo. Zamani paa liliharibika, mvua ikala sehemu ya picha, lakini Mamajusi bado wanaonekana. Chagueni siku ya jua, humo ndani mwanga ni wa madirishani.

Neema_Budapest:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Mwenzangu avuke mpaka na kitambulisho cha chuo tu?

Mpanda Treni:
Hapana, dada. Abebe pasipoti na kibali chake cha ukaazi. Nchi zote mbili ziko Schengen, yaani eneo la Ulaya ambalo kwa kawaida halina ukaguzi wa mpakani, ila askari wa Austria wamekuwa wakikagua mpakani, hasa wakati wa kurudi Austria.