Kliniki ya wagonjwa wa misuli: simu ya video au basi la Dar?

Mama wa Songea (mleta mada):
Wadau, naombeni tulijadili hili. Mwanangu ana miaka 11, ana Duchenne, ule ugonjwa unaokula misuli kidogo kidogo. Kutembea aliacha mwaka jana. Kila miezi sita tunatakiwa kliniki Dar, zaidi ya kilomita 900. Kutwa nzima kwenye basi, nyonga zinamkaza, usiku nakesha namgeuza. Tukifika, daktari anatuona dakika kumi, anaandika predinisoloni ileile, tunarudi. Safari iliyopita nilikosa nauli, dawa ikakatika, na ile si dawa ya kukatwa ghafla. Mwaka 2020, wakati wa korona, nchi nyingi zilihamishia kliniki za namna hii kwenye simu ya video. Sisi tunashindwa nini?

Chalii wa Kihesa:
Tunashindwa na mtandao, mama. Picha itaganda mtoto akiwa amefumba jicho moja, daktari ataandika kipofu.

Mama wa Songea:
Weka bando la dakika kumi upande mmoja. Upande wa pili weka nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, gesti siku tatu, na chakula. Halafu urudi hapa unichekeshe.

Mnyooshaviungo:
Kazi yangu ni fiziotherapia, na hilo neno "dakika kumi" limeniuma. Siku moja nilihudumia watoto ishirini na mbili, chai nimekunywa saa tisa alasiri. Simu haikunji kifundo cha mguu. Nikitaka kujua mguu umekaza kiasi gani, naushika. Moyo nao ni msuli: mtoto wa Duchenne anatakiwa apimwe moyo kwa mashine na apulize kipimo cha pumzi. Predinisoloni inapandisha presha na kudhoofisha mifupa. Hayo yote utayapima kwa kamera?

Mama wa Songea:
Sijasema tusije kabisa. Nimesema kati ya safari mbili, moja iwe ya simu. Soma nilichoandika.

Mnyooshaviungo:
Hukuandika hivyo.

Mgonjwa wa Kope:
Mimi nina maistenia gravisi, ile ya kope kulegea na kumeza kwa shida. Mwaka jana nilishikwa na homa, sauti ikaanza kutokea puani. Daktari wangu akanipigia video, akaniambia nivute pumzi moja nihesabu kwa sauti mpaka iishe. Nikaishia 14. Akasema, "Hapo hapo, hospitali, usisubiri asubuhi." Kwenye kituo cha afya walikuwa wameshavuta sindano ya jentamaisini; akaongea na muuguzi kwa simu hiyohiyo akamzuia, maana dawa hiyo inaweza kuwazidishia watu wa maistenia ulegevu hadi pumzi ikashindwa. Bila ile simu nisingekuwa naandika hapa.

Mzee wa Kibaha:
Poleni wote. Lakini mbona jambo rahisi? Kitaalamu ugonjwa huu wa Duchenne mtoto huutoa kwa mama. Basi mama avumilie safari, baba atafute nauli. Ndiyo mgawanyo.

Binti Matombo:
Shikamoo mzee. "Avumilie" kwa kosa gani?

Mzee wa Kibaha:
Marahaba. Sijasema kosa. Nimesema kitaalamu. Tuliambiwa hivyo na daktari kuhusu mjukuu wangu, tena mtoto mmoja katika elfu.

Mnyooshaviungo:
Mzee, takwimu inayotajwa ni mvulana mmoja kati ya 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Na karibu theluthi moja ya watoto hawa, mama hana kasoro yoyote. Imezuka mpya kwa mtoto mwenyewe. Kwa waliobaki, mama kaibeba bila kujua, kama wewe usivyojua umebeba nini. Hakuna aliyechagua.

Chalii wa Kihesa:
Kwa hiyo baba hausiki hata kidogo?

Binti Matombo:
Furahi sasa, umepata pa kujifichia.

Chalii wa Kihesa:
Dada, nimeuliza swali. Si kila mwanaume ni yule aliyekukimbia.

Binti Matombo:
Hilo la kunikimbia umelitoa wapi? Ngoja niwaambie, maana mnaongea msiyoyajua. Dada yangu ndiye alipigiwa hiyo simu ya video mnayoigombania. Chumba kimoja, sauti iko juu kwa sababu mtandao mbovu. Mama mkwe anachambua mchele, mawifi wamekaa mkekani. Daktari akasema waziwazi, "Huenda umerithisha wewe, tupime damu yako." Hakuuliza nani yuko karibu. Jioni ile ile dada aliambiwa afungashe vitu vyake, na mtoto wake asiyeweza kusimama.

Mama wa Songea:
Mungu wangu. Hilo sikuliwaza. Mimi naishi na mwanangu peke yetu.

Mnyooshaviungo:
Habari ya kurithi haisemwi hivyo, hata ana kwa ana. Swali la kwanza kwenye simu lingekuwa, "Uko na nani hapo?" Akisema hayuko peke yake, unahama kwenye mambo ya dawa na choo na usingizi, lile lingine unampangia siku. Au afuate simu zahanati, akae na muuguzi mlango umefungwa. Na muuguzi huyo naweza kumwelekeza akunje kifundo wakati mimi natazama. Hapo simu naikubali.

Mgonjwa wa Kope:
Ndicho nilichokuwa nasema juu huko, muuguzi awe upande wa pili.

Chalii wa Kihesa:
Zahanati yenye mtandao na mlango unaofungika. Nionyesheni moja.

Binti Matombo:
Mzee wa Kibaha, umenyamaza. Huyo mjukuu wako anaishi na nani?

Mzee wa Kibaha:
Yuko kwa mama yake, Kilosa. Mwanangu alimrudisha kwao baada ya yale majibu. Nami nilikuwepo, sikusema kitu. Hii ya theluthi moja naisikia leo. Namba ya binti ninayo. Nikimpigia nianzie wapi?

Mama wa Songea:
Kwanza tuma ile nauli. Kisha muulize kama yuko peke yake.