Beji za akiba ya wanamaji wa Uingereza: tuanzie kwenye taji, tepe au vifungo?

Mkusanyaji_Kibokoni
Wakuu, salaam. Nimepata mkono wa koti la ofisa wa wanamaji wa Uingereza, bluu iliyokoza hadi inakaribia nyeusi. Una tepe mbili za dhahabu zenye mawimbi, na kati ya tepe hizo pameshonewa kitambaa cha kijani. Tepe zimeishia kwenye mishono ya pembeni. Upande wa mkono unaoelekea mwilini hauna tepe. Nimeuziwa pamoja na beji ya kofia: nanga ya fedha, majani ya dhahabu, taji juu. Muuzaji anadai vyote ni vya Vita Kuu ya Kwanza. Wenzangu, kati ya taji, tepe na vifungo, ninyi mnaamini kipi zaidi? Mimi huanza na taji kwa kuwa ndilo linaloonekana upesi.

Mzee_wa_Nanga
Anza na tepe, ndugu yangu. Taji litakwambia zama za mfalme gani, lakini tepe ndiyo inayosema mtu alikuwa nani.

Uingereza ilikuwa na akiba mbili, yaani vikosi vya kuitwa vita vikija. RNR (Royal Naval Reserve) iliundwa mwaka 1859, na watu wake walikuwa mabaharia wa meli za biashara na wavuvi, watu waliokuwa wakiishi kwa bahari. RNVR (Royal Naval Volunteer Reserve) ilikuja mwaka 1903, ikachukua raia wa kujitolea: makarani, mawakili, walimu, waendesha mashua za starehe. Ofisa wa jeshi la kudumu alivaa tepe zilizonyooka na kitanzi cha duara juu. Wa RNR alivaa nyuzi mbili nyembamba zilizosukwa kama ukili, na kitanzi chake kimekaa mfano wa nyota. Wa RNVR alivaa tepe moja moja ya mawimbi, kitanzi kikiwa na kona. Kwa hiyo wako ni RNVR, na mawimbi mawili ni luteni.

Kuhusu "Vita ya Kwanza", muuzaji amekosea. Nitarudi kueleza, ngoja niswali kwanza.

Bandarini_Liverpool
Shikamoo Mzee. Nakubaliana nawe kuhusu tepe, ila taji tusilidharau. Tangu 1901 hadi alipofariki George wa Sita mwaka 1952, taji lilikuwa lile ambalo matao yake yamepanda kama kuba. Alipoingia Elizabeth likaja lenye matao yaliyobonyea katikati, chini ya mpira wa juu. Ukitazama kwa umbo la pembeni, huwezi kuyachanganya.

Ila siku hizi kuna mtego. Mfalme Charles amelirudisha taji la kuba, kwa hiyo beji mpya kabisa za leo nazo zinalo. Huku minadani nawaona watu wanalipia bei ya mwaka 1940 kwa kitu ambacho hakijamaliza hata miaka mitano.

Mkusanyaji_Kibokoni
Langu ni la kuba. Basi tuseme 1901 hadi 1952?

Bandarini_Liverpool
Kwa beji ya kofia, kama ni ya zamani kweli, ndiyo. Lakini nanga na majani hayo kwenye Vita Kuu ya Pili yalivaliwa na ofisa wa jeshi la kudumu, wa RNR na wa RNVR vilevile. Beji hiyo haiwezi kukuthibitishia kwamba ilikuwa ya mwenye mkono huo wa koti.

Mzee_wa_Nanga
Marahaba mwanangu. Sasa turudi kwenye kijani, maana utamu uko hapo.

Rangi kati ya tepe ilionyesha kazi. Zambarau ni wahandisi, nyekundu ni madaktari, nyeupe ni wahasibu na wagavi, chungwa ni madaktari wa meno. Ofisa wa kuongoza meli hakuwa na rangi yoyote. Kijani kinachong'aa kama jani bichi kilikuwa cha Tawi Maalumu la RNVR, na hilo ni la Vita Kuu ya Pili: watu wa rada na kazi nyingine za kitaalamu. Kijani kilichokoza ni cha umeme, hicho ni kingine. Kitoe mkono juani ukitazame vizuri, kwa sababu kijani kilichopauka hudanganya. Chungulia pale kitambaa kilipoingia chini ya tepe. Huko rangi haijapigwa na mwanga.

Na hizo tepe zilizoishia nusu ni ushahidi mwingine. Wakati wa Vita ya Pili waliacha kuzungusha tepe mkono mzima ili kuokoa uzi wa dhahabu.

Bi_Cherehani
Mimi ni fundi wa nguo, nitasema la kwangu. Tepe hung'olewa. Mtu akipanda cheo inaongezwa, na mchuuzi asiye na haya huweza kuhamishia tepe nzuri kwenye koti lolote. Geuza mkono, tazama upande wa pili. Matundu ya sindano yakiwa safu mbili na uzi uko kwenye safu moja tu, kuna kitu kilitolewa pale. Halafu mulika kwa taa ya urujuanimno. Uzi wa kisasa mara nyingi hung'aa weupe wa samawati. Wa zamani hubaki umefifia. Angalia tu kama nguo ilifuliwa kwa sabuni za siku hizi, kwa sababu hizo nazo hung'arisha.

Mkusanyaji_Kibokoni
Dada, ahsante sana. Nimegeuza: safu moja tu, na chini ya tepe bluu imebaki mbichi kabisa. Kijani nacho, pale kilipojificha, ni kama jani la mgomba.

Kilindini_77
Vifungo mmevisahau. Nyuma huwa na jina la mtengenezaji. Gieves peke yake, au Gieves Ltd, ni kabla ya kuungana na Hawkes mwaka 1974. Lakini vifungo ndivyo vya mwisho kwangu, kwa sababu hubadilishwa kwa dakika moja. Bora lebo ya fundi ndani ya mfuko wa kifuani: mara nyingi ina jina la ofisa na tarehe kwa wino. Ukipata jina, unalitafuta kwenye Navy List, orodha rasmi ya maofisa. Kwa mkono mtupu kama huu, bahati hiyo haipo.

Kwetu Mombasa pia kulikuwa na akiba ya namna hii, ya Kenya, tangu 1933. Pwani hii wanamaji walivaa sare nyeupe za joto, na vyeo vikawekwa kwenye vibao vya mabegani. Mtu akiniletea kibao chenye mawimbi, kigezo cha nusu mkono hakina kazi.

Bandarini_Liverpool
Na mawimbi peke yake si lazima yawe Uingereza. Akiba za kujitolea za Kanada na Australia nazo zilivaa hivyo.

Mkusanyaji_Kibokoni
Swali la mwisho. Nina tepe nyingine iliyonyooka, ndani ya kitanzi kuna herufi R. Hiyo nayo ni ya vita?

Mzee_wa_Nanga
Hapana. Mawimbi na ukili viliondolewa mwaka 1951, wakapewa tepe zilizonyooka zenye R. RNVR ikamezwa na RNR mwaka 1958, na R ikaondolewa kwa maofisa wa kawaida mwaka 2007. Ila ukiwahi kukuta R hiyo kwenye koti lenye vifungo vya taji la kuba na mishono yote ni ya asili, usiuze. Muda ambao viwili hivyo vilitolewa kwa pamoja ni mfupi mno, mwanzoni tu mwa miaka ya 1950. Tuwekee picha za nyuma ya tepe zote mbili.